Nimefungwa na Ng'onda

Mbweni ni mbali. Ukimwalika mtu wa Temeke, kwanza anauliza kama kuna pa kulala. Shemeji yangu wa Mbagala akija huja na mswaki, na akifika Tegeta hupiga simu kuuliza kama bado yuko Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa huku akitaka mpinzani wa chesi jioni ana njia tatu: avumilie foleni ya Barabara ya Bagamoyo, amfundishe mlinzi wa geti la jirani, au anunue ubao ambao mpinzani yumo ndani. Mimi nilianza na mlinzi. Wiki mbili alijifunza, wiki ya tatu alinifunga, wiki ya nne akaacha kazi akaenda zake. Nikanunua ubao.

Ukiutazama ni ubao kama ubao: miraba 64, kete 32, na vitaa vidogo kila mraba. Unasogeza kete yako, ubao unahisi, unawaza, halafu vitaa vinakuonyesha usogeze kete ipi ya kwake na uipeleke wapi. Yaani anakupiga, na wewe ndiye unayemshikia fimbo. Pembeni kuna kitufe cha kuchagua nguvu, kuanzia ya mtoto wa chekechea hadi ile ambayo ukiibonyeza unasoma dua kwanza. Nimekaa nao mwaka na ushee. Haya ni mambo kumi niliyoyaona, nayahesabu kurudi nyuma kwa sababu ndivyo ninavyocheza.

10. Jina lenyewe ni ugomvi

Kamusi inasema sataranji. Vijana wanasema chesi. Jirani yangu mstaafu, ambaye mtaa mzima tunamwita Babu ingawa mjukuu wake wa kwanza bado ananyonya, anasema "drafti la masultani". Neno sataranji tumelipata kwa Waarabu, wao kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi, ambao mchezo wao uliitwa chaturanga. Ukiifuata njia hiyo kwa kidole kwenye ramani utadhani unafuata biriani.

Farasi ni yuleyule faras wa Waarabu, hakubadilishwa hata kwato. Mwenye matatizo ya kitambulisho ni askofu: kwa Waarabu ni tembo, kwa Waingereza ni askofu, kwa shemeji ni "yule mwenye mdomo wazi". Malkia naye zamani alikuwa mwanamume, mshauri wa mfalme, akitembea mraba mmoja mmoja wa mshazari kama mtu mwenye viatu vinavyobana. Wazungu wakamfanya mwanamke, na mwishoni mwa karne ya 15 wakamwachia ubao mzima aende atakako. Mama watoto aliposikia historia hiyo alisema haoni cha kushangaza, akaendelea kuchambua mchele.

9. Ubao hauna macho

Wageni wote hudhani ubao unaziona kete. Hauoni kitu. Bodi za zamani zilitaka uibonyeze kete kwenye mraba inapotoka na inapofikia, kama unapiga muhuri. Za wastani, kama yangu, zina sumaku kwenye kitako cha kila kete, na ubao unachojua ni kwamba mraba huu una mtu na ule hauna. Ni mwenye nyumba anayepita usiku akihesabu madirisha yenye taa. Alijua mlivyoingia siku ya kwanza, tangu hapo anawafuatilia kwa kuhesabu tu.

Za ghali huweka koili ndani ya kete, kila aina na masafa yake, hivyo ubao unamtambua farasi kwa ufarasi wake popote alipo. Ndivyo zilivyo bodi za DGT, kampuni ya Uholanzi, zinazotumika kwenye mashindano makubwa kurusha michezo mubashara intaneti. Mimi ni wa mwenye nyumba. Kiwiko kikigonga kete tatu ukifuata karanga, ubao unawaka taa kama ukumbi wa harusi. Lakini ukimweka farasi mahali pa askofu, na askofu mahali pa farasi, unatulia tuli. Kwake nyumba zote zina watu, kodi itakuja.

8. Mashine hizi zilianza na mdomo kabla ya akili

Ya kwanza kuuzwa madukani ni Chess Challenger ya mwaka 1977, kutoka Fidelity Electronics ya Chicago. Ilikuwa na kiwango kimoja tu cha nguvu, na herufi na namba za ubao zilikuwa zimebadilishana upande. Wateja wakataka kuchagua wapigwe kiasi gani, ikaja ya viwango vitatu, kisha ya kumi. Wakati huo kupanda kiwango kulikuwa zaidi kuipa mashine muda mrefu wa kuwaza. Huku chini ilijibu kwa sekunde chache, na huko juu uliweza kwenda kuoga, kula, kulala na kuamka ukaikuta bado imeinamisha kichwa.

Kipenzi changu ni Boris, ya mwaka 1978. Hiyo ilikuwa na kioo kidogo cha maandishi, na katikati ya mchezo ilikurushia vijembe. Wamarekani waliona ni ubunifu mkubwa. Angekuwa fundi wake ni mama wa Kiswahili, ingepita kwenye kioo mistari yote ya khanga mpaka mchezaji alie. Mwaka uliofuata Fidelity wakatoa inayotamka hatua zake kwa sauti, na mwaka 1983 Milton Bradley wakatoa ubao ambao kete zinatembea zenyewe, zikivutwa na sumaku kutoka chini. Nina msimamo kuhusu huo. Ukiwa peke yako Mbweni, usiku, upepo unavuma kutoka baharini, na farasi mweusi akasogea mwenyewe mezani, huiti fundi. Unaita shehe.

Na kabla ya hizo zote, mwaka 1770, Wolfgang von Kempelen alimpelekea malkia Maria Theresia kule Vienna sanamu la Mturuki linalocheza chesi. Lilizunguka Ulaya na Marekani kwa miongo mingi likiwafunga wakubwa. Ndani ya kabati alikuwa amejikunja mtu. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mlinzi.

7. Elo, namba inayotia watu kiburi

Nguvu za ubao zinaandikwa kwa elo, jina la Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia Milwaukee. Shirikisho la dunia, FIDE, lilianza kuutumia mfumo wake mwaka 1970. Watu huiona elo kama cheo cha jeshi. Hasa ni ubashiri tu: kama mpinzani amekuzidi 400, kwenye michezo 11 tarajia kuambulia pointi moja, na hiyo moja usiitangaze sana.

Shida ni kwamba elo hupatikana kwa kucheza na watu fulani, mahali fulani. Ubao ukikuambia kiwango hiki ni 1500, uliza 1500 ya nani. Mara nyingi mashine imepimwa na mashine wenzake, kama muuza nyanya aliyekagua mizani yake kwa mizani ya kaka yake. Nimewahi kuifunga "1500" asubuhi nikapigwa na "1300" jioni, na chakula nilikuwa nimekula.

Shemeji aliuliza, "Na mimi nina elo ngapi?"

"Huna, shemeji. Hujacheza mashindano."

"Basi niwekee ya elfu moja, nitakurudishia mwisho wa mwezi."

Shemeji ni mtu wa drafti, vizibo vya Fanta dhidi ya vizibo vya Coca-Cola, na kwake sheria kuu ya ulimwengu ni kula ni lazima. Ukimwachia askari mmoja kama chambo atamla, halafu wa pili, halafu wa tatu, halafu mfalme wake amekwisha na yeye bado anatafuna.

6. Mbweni yenyewe

Upepo wa bahari hapa unakula mageti, mabati na vitasa. Ubao wangu upepo uliufikia mwezi wa nane: nilipofungua pa kuwekea betri nikakuta ukungu wa kijani, kama mkate uliosahauliwa. Tangu hapo unaishi kwa waya wa ukutani. Umeme ukikatika unalala palepale. Umeme ukirudi unaamka na kukumbuka kila kete iliachwa wapi, na kama kuna iliyohama unaukonyezea taa mraba huo mpaka uirudishe. Lishike hilo, tutalihitaji.

Askari mmoja mweupe aliliwa na mbwa. Nafasi yake imechukuliwa na kizibo cha soda nilichokibandika kipande cha sumaku kutoka spika mbovu. Ubao haujawahi kuuliza. Mara mbili kizibo hicho kimefika mwisho wa ubao kikawa malkia, jambo ambalo shemeji alilishangilia kama uhuru wa nchi.

Kuna wanaosema bila vifaa vya kisasa mtoto hafiki mbali. Phiona Mutesi alijifunzia Katwe, Kampala, kwenye programu ya Robert Katende, ambako watoto walivutwa kwanza na kikombe cha uji. Mwaka 2012 alikuwa na cheo cha FIDE, na mwaka 2016 Mira Nair akatoa filamu yake, Queen of Katwe. Ule uji haukuhitaji chaja.

5. Ng'onda

Hapa naomba tukae.

Bodi nyingi za siku hizi, ama ndani yake ama kwenye simu zinakounganishwa, zinaendeshwa na programu iitwayo Stockfish. Ni ya bure, yeyote anaweza kuifungua akasoma ilivyoandikwa. Ilianza mwaka 2008, pale Marco Costalba wa Italia alipoichukua programu ya Tord Romstad wa Norwei na kuiendeleza. Jina maana yake ni samaki aliyekaushwa, wale wa Norwei wanaoanikwa kwenye upepo wa baridi. Wenyewe walitania kwamba imetengenezwa Norwei na kupikwa Italia. Sasa samaki mkavu hapa kwetu ana jina. Ukishuka Ununio ukamwonyesha mvuvi picha yake, hatasema Stockfish. Atasema ng'onda. Kwa hiyo mimi, mtu mzima, mwenye familia, mkazi wa pwani, kila usiku nafungwa na ng'onda.

Na si ng'onda wa kudharau. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM, Deep Blue, ilimshinda Garry Kasparov pointi 3.5 kwa 2.5, na ile ilikuwa mitambo ya kujaza makabati. Leo ng'onda akiwa ndani ya simu ya kawaida hana binadamu wa kumbabaisha. Tatizo la watengenezaji likageuka: wamepata mbabe, watamfanyaje awe mnyonge ili mimi niendelee kununua?

Njia yao ni hii. Stockfish ina ngazi kuanzia 0 hadi 20. Ukiishusha, haiondolewi ujuzi. Inaandaa hatua nzuri kadhaa, nne au zaidi, kisha inaingiza bahati nasibu kwenye kuchagua, na kadiri ngazi ilivyo ya chini ndivyo bahati nasibu inavyopewa sauti kubwa. Ukipenda kuipima kwa elo, matoleo ya karibuni yanakuruhusu kuanzia 1320 hadi 3190. Soma tena namba ya chini. Mjinga wao kabisa ni 1320, na huyo akiletwa kijiweni kwetu atakaa kwenye kiti chenye mgongo.

Matokeo yake unacheza na profesa mwenye kwikwi. Hatua kumi anazipanga kama Kasparov, unaanza kuomba msamaha moyoni, halafu ya kumi na moja, hik, kete kubwa imeachwa mlangoni. Mara ya kwanza nilipomla malkia wake niliruka, nikaita nyumba nzima. Baada ya dakika nikajisikia kama mtu aliyeokota pochi njiani. Pesa umepata, ila huna cha kumsimulia mtu.

Halafu profesa akimaliza kwikwi anarudi. Bila malkia, bila aibu, anakukaba kidogo kidogo mpaka unaanza kujiuliza ni nani hasa aliyepoteza malkia. Wazee walishasema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani, ila hawakusema anaweza kuerevuka ndani ya sekunde tatu. Nilipanda hadi ngazi ya 6, nikateremshwa hadi ya 4, nikajificha ya 2. Mpanda ngazi hushuka, na mimi nilishuka kwa kuviringika.

Mjomba wangu ndiye aliyenifundisha drafti utotoni, na alikuwa akiniachia. Nimekuja kulijua hilo nikiwa na ndevu. Mjomba hakutupa kete ovyo. Jana akikuonyesha mtego wa kula vizibo viwili kwa mpigo, leo anauacha mtego uleule wazi, upande mwingine wa ubao, halafu anajifanya anatafuta kiberiti. Ukiuona, anagonga meza na kulaumu macho yake. Usipouona anakula, anacheka, na kesho anauacha tena. Lile kosa lilikuwa limekatwa kwa kipimo changu, kama sare ya shule. Ng'onda yeye hukosea kwa kurusha sarafu. Hajui jana nilijifunza nini. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tunaambiwa tangu darasa la kwanza. Huyu anakubali, tatizo hana habari kama amekubali.

4. Imeliwa

Shemeji alipita hapa. Kula ni lazima.

3. Mashine iliyosomea makosa

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Cornell na Microsoft Research walitoa programu iitwayo Maia, na swali lao lilikuwa tofauti. Badala ya kuuliza hatua bora hapa ni ipi, waliuliza mtu wa elo 1100 akikaa hapa angefanya nini. Wakatengeneza Maia tisa, wa 1100, wa 1200, hivyo hivyo hadi 1900, na kila mmoja akafundishwa kwa mamilioni ya michezo ya watu wa kiwango chake kwenye Lichess, ule uwanja wa bure wa intaneti. Zaidi kidogo ya nusu ya wakati anakisia hatua ileile ambayo binadamu aliicheza. Na hapigi hesabu za mbele kabisa. Anatazama, anasogeza. Shemeji aliposikia hivyo alisema hatimaye sayansi imefika Mbagala.

Baadhi ya bodi zinakubali kuunganishwa na programu ya nje, na yangu, baada ya siku tatu za waya na lugha chafu, ilikubali. Jamani. Maia wa 1100 alimwogopa farasi wangu. Ile hofu yenyewe, ya kumkimbiza askari pembeni farasi asije akatia mguu. Alimtoa malkia mapema mno kama kijana aliyepata leseni jana. Aliona anaweza kula, akala, akajuta. Nilimfunga nikasikia utamu halisi, kisha akanifunga nikasikia uchungu halisi, kwa sababu kosa lililonimaliza lilikuwa la kwangu kabisa, lile ambalo angelifanya mtu yeyote mwenye foleni kichwani.

Kasoro moja tu. Michezo waliyomfundishia ni ya watu walio kimya nyuma ya vioo. Hakuna mmoja kati ya mamilioni hayo aliyeambiwa "nyoka huyo chini ya kiti!" kwenye hatua ya ishirini. Mtu akiucheza mchezo huu Kinondoni bila somo hilo, elimu yake haijakamilika.

2. Babu na hesabu zilizogeuzwa

Babu ni mtu wa bao. Siku ya kwanza alipouona ubao hakutazama vitaa, alihesabu. Akauliza kete ngapi. Nikamwambia 32. Miraba? 64. Akacheka mpaka akakohoa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. "Wamelipindua," alisema. "Waliliona kwa mbali, wakarudi kwao wakakosea kuandika."

Ana hoja zake na anazijua. Kwenye bao kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye nyumba, na 22 mkononi za kunamua. Hakuna anayezaliwa na jeshi lililokwisha kupangwa. Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wa bao, na Babu hulitaja hilo kama wakili anayetaja kifungu. Nilimweleza kwamba Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliandika tasnifu nzima ya udaktari kule Leiden, mwaka 1995, juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar na mipaka ya akili. Babu akauliza walilipwa shilingi ngapi hao mabingwa.

Nikamuuliza kama angependa bao la umeme, lenye kuchagua nguvu. Aliniangalia kama nimemwambia ndoa ya umeme. "Bao lina injini tayari," alisema, na alikuwa sahihi. Kijiweni kila anayesimama nyuma yako ni injini. Wako watano, wanaongea kwa pamoja, wawili wameshaiona hatua yako kabla hujaiona, mmoja anakupotosha kwa makusudi, na hakuna kitufe cha kuwapunguza nguvu.

Lakini upweke wa Mbweni unamgusa hata mstaafu. Kijiwe chake kiko Magomeni, na magoti hayamruhusu daladala mbili. Akajifunza sataranji kwa mwezi, akakataa katakata kucheza na mashine. "Siwezi," aliniambia, "kucheza na kitu nisichoweza kukikera." Tukakubaliana: tutacheza yeye na mimi, ubao utakuwa mwamuzi, kazi yake kukumbuka hatua na kupinga kete inayokwenda isivyostahili. Ng'onda tukamlaza.

1. Giza

Jumanne moja, saa mbili usiku, niko juu ya Babu kwa askari wawili, umeme ukakatika. Mtaa mzima ukasema "aaah" kwa sauti moja. Binti yangu wa darasa la sita akaja na tochi ya simu, akamulika dari, akamulika paka, akaenda kutafuta mshumaa. Mezani kukawa giza la kutosha kwa dakika tano. Nilisikia Babu anavuta pumzi, nikadhani ni uzee.

Umeme ukarudi. Ubao ukaamka, ukakagua nyumba zake, ukawasha vitaa viwili: mraba mmoja ulipaswa kuwa na mtu hauna, na wa jirani yake una mtu asiyehusika. Ngome ya Babu ilikuwa imejisogeza hatua moja kuelekea kwa mfalme wangu.

"Hizo taa zinamkonyeza nani?" Babu aliuliza.

"Zinakukonyeza wewe, Babu."

"Upepo," alisema, akairudisha. Upepo wa kuhamisha ngome peke yake na kuziacha kete nyingine. Nilicheka wiki nzima. Nikafanya kosa la kumweleza, kwa furaha ya mshindi, jinsi ubao unavyomkamata mtu: kwamba hauna macho, unahesabu tu nyumba zenye watu, ukiwabadilisha watu wawili wa nyumba mbili hautajua. Nilimweleza yote, na karanga nikamwongezea.

Alhamisi umeme ukakatika tena. Ukarudi. Vitaa kimya, hakuna kilichohama. Babu akawaza kidogo, akanyoosha mkono, akaishika ngome yake iliyokuwa katikati ya ubao na kuisukuma moja kwa moja mpaka mlangoni kwa mfalme wangu. Ubao ukalipuka taa. Ukapiga kelele. Ukakataa.

"Mashine yako imepatwa na nini?" alisema kwa huruma. "Ngome haiendi moja kwa moja?"

Nikatazama. Ngome ile kweli, ninaiona kwa macho yangu mawili. Na ngome huenda moja kwa moja. Ubao unasisitiza kwamba pale katikati palikuwa na farasi, na farasi haendi hivyo. Nikafikiria ukungu wa kijani, chumvi, waya niliouunga mwenyewe, kizibo cha soda. "Imeanza kuchoka, Babu," nilisema, nikauchomoa ukutani, tukaendelea kwa mikono kama wastaarabu.

Alinifunga kwa hatua tisa. Binti, aliyekuwa amekaa kimya na mshumaa wake, alinionyesha farasi wa Babu akiwa kule pembeni, mahali ambapo ngome ilikuwa imelala tangu saa moja. Nikageuka. Babu alikuwa ameshavaa kandambili, yuko mlangoni, amejaza karanga mfukoni.

"Kesho," aliuliza, "umeme wenu hukatika saa ngapi?"